Ukuta wa Khanga

Tulimzika Mama Bura mwezi uliopita, kwenye shamba lake la maharage ya ngwara nyuma ya nyumba, na mimi niliyejiapiza kutolia nililia mpaka kilemba kikanivuka. Lakini kilio changu si habari. Habari ni mjukuu wangu Faraja, mwenye miaka minne, ambaye pale kaburini aliambiwa na shangazi mmoja arushe udongo kama watoto wenzake, akasema hataki. Akaambiwa na wa pili, akasema hataki. Wa tatu alipomshika mkono, mtoto akajitupa chini mbele ya padri, akaanza kulipiga mateke rundo la udongo huku anapiga kelele za kusikika barabarani. Watu wakaanza ile minong'ono tunayoijua sote. Mimi sikufikiri hata kidogo. Nilivua khanga ya mabegani, na upande wa pili wa kaburi Mama Eliya, ambaye siku hizi anatembea kwa mkongojo, akavua yake, wakaja na wengine wawili wa zamani, tukazitandaza, tukasimama tumewapa mgongo mtoto na mama yake. Kijana mmoja wa kamati ya mazishi alinisogelea akaniuliza kwa adabu kama hii ni mila ya Wairaqw, maana yeye ni Mwiraqw na hajawahi kuiona. Nikamwambia si ya Wairaqw, si ya Wamasai, na si ya kanisa. Ni ya ua wa Mama Bura, na ina mwaka wake.

Habari za nilikozaliwa na jinsi nilivyoolewa siziandiki. Wanaozijua wanazijua na wengine haziwahusu. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitano, Mwiraqw niliyeolewa na Mmasai wa Endulen, na mume wangu, Baba Nasieku, alikuwa mpishi wa kempu, mtu wa kuonekana nyumbani siku mbili tatu kisha anapotea porini na wageni wake. Mimi nilikuwa dobi kwenye loji moja juu ya mji, kazi yangu kupiga pasi mashuka ya Wazungu. Tulipanga chumba kwa Mama Bura, hapa hapa Karatu. Vyumba vyake vilizunguka ua, kuta za matofali ya kuchoma hazikufika kwenye bati, kwa hiyo aliyepiga chafya chumba cha kwanza aliambiwa pole kutoka chumba cha mwisho. Katikati palikuwa na jiko la wote, banda la bati lenye mafiga, ukuta wake umepakwa moshi mpaka unang'aa. Asubuhi za baridi ukungu uliingia mle ukachanganyika na moshi, mpaka tukawa tunasalimiana kwa kutambuana sauti tu. Hadi leo nikinusa kuni za mkaratusi na ngwara zinazochemka, nageuka kutazama mtoto wangu yuko wapi na amefanya nini.

Maana Nasieku alikuwa mtoto wa kufanya. Alikuwa na miaka saba, mwembamba, macho makubwa, na neno lake la kwanza asubuhi lilikuwa "sitaki". Sisemi utundu, utundu naujua, nami nilikuwa nao. Huyu ukimwambia avae viatu, alivirusha juu ya bati. Ukimwambia ale, aliimwaga sahani polepole huku anakutazama usoni, aone utafanya nini. Ukimchapa, alitulia kabisa, hata chozi halimtoki, halafu alirudia kosa lile lile mbele yako. Shuleni alimng'ata mwalimu mkono, na alipoulizwa sababu alisema mwalimu alimwambia afunge mdomo, naye akaufunga. Leo nacheka. Siku ile nilitoka ofisi ya mwalimu mkuu nimejifunika khanga usoni kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

Na maneno niliyasikia yote, kwa sababu ya kuta zile. Jioni nikikoroga uji nilisikia chumba cha pili wakisema mtoto ana pepo, aombewe. Chumba cha nne walikuwa na elimu zaidi: walisema damu ya watu walioibiana ng'ombe tangu enzi na enzi haiwezi kukaa ndani ya mwili mmoja ikatulia. Na mama mmoja, ambaye kila siku alinisalimia kwa upendo mwingi, alisema shida si mtoto, shida ni mama, amelegea kama ugali wa mgonjwa. Methali za malezi nilizimaliza zote mwaka ule, na kila moja ilikuja na kidole. Samaki mkunje angali mbichi, waliniambia, mimi mtu wa Karatu ambaye samaki nikimwona ameshakauka. Lililoniuma zaidi ni kwamba nusu ya moyo wangu iliwaamini. Nilimpenda mwanangu, na zilikuwepo siku nilimwogopa, na hakuna mtu niliyeweza kumwambia mambo hayo mawili kwa pamoja.

Mwanzoni mwa mwaka, kabla ya mvua, baba mkwe alikuja kutoka Endulen kuuza ng'ombe mnadani, akafikia kwetu. Alikuwa mzee mrefu mwenye sauti ya chini, shuka lake limekunjwa vizuri begani, na watu wote wa uani walitoka kumwamkia. Sasa, kwa Wamasai mtoto hampi mzee mkono. Anamwendea, anainamisha kichwa, na mzee anamwekea kiganja utosini. Ndiyo salamu, na ndiyo baraka. Hata watoto wa majirani, Wairaqw watupu, walipanga foleni kumpa mzee vichwa vyao kwa sababu waliona raha. Ikafika zamu ya mjukuu wake wa damu. Nasieku akautazama ule mkono uliokuwa umenyooshwa, akarudisha mikono yake nyuma, akasema kwa Kiswahili ili wote waelewe: "Sitaki. Kichwa ni changu." Mzee hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Aliushusha mkono, akanywa chai yake yote, kisha akamwambia mwanawe, nami nimesimama nyuma ya mlango kwa sababu kwa kabila lake na kwa langu mkwe hakai uso kwa uso na baba mkwe: "Nitarudi baada ya mavuno. Akinipa kichwa, atabaki hapa. Asiponipa, nitaondoka naye. Ataenda Malambo kwa shangazi yake. Kule mbuzi ni wengi na maneno ni machache." Mume wangu akajibu sawa, baba. Mimi nyuma ya mlango kinywa kilinijaa hapana, na sikuwa na mahali pa kuiweka.

Huyo shangazi wa Malambo hakuwa mtu mbaya. Nilikula kwake mara moja, na maziwa yake yalikuwa matamu. Lakini alikuwa mtu wa fimbo, mwenyewe akijisifu kwamba hakuna mtoto aliyemshinda. Na Malambo haikuwa mahali pa kumwendea mtoto Jumapili na mkate. Unapita juu ya kreta, unashuka ng'ambo, unakula vumbi siku nzima kama umebahatika kupata gari. Mtoto akienda kule hatembei, anahama. Nilijua nikimruhusu apande gari lile atanirudia akiwa msichana mkubwa asiyenijua, au hatarudi. Kwa hiyo niliamua, nyuma ya mlango ule ule, kwamba haendi. Namna ya kumzuia sikuijua.

Mama Bura hakuwa amesema neno lolote kuhusu mtoto wangu tangu tuhamie. Alikuwa mjane, mwenye nyumba, mwanamke mpana aliyevaa sweta la kiume masika na kiangazi, na Kiswahili chake kilitokea kooni kabisa, kama wazee wetu wote wa kutoka Mbulu. Sote tulimwita Aayo, yaani mama kwa Kiiraqw. Jumamosi moja alikuwa amekaa mlangoni kwake anachambua maharage kwenye ungo, na ndoo imesahauliwa katikati ya njia. Mama Eliya, jirani yangu aliyekuwa anauza vitunguu vya Mang'ola, akamwambia Nasieku aiondoe njiani. Mpangaji mwingine akamwambia kwa Kiiraqw aipeleke bombani. Baba yake, aliyekuwa nyumbani siku ile, akamwambia kwa Kimasai amletee. Nami kutoka ndani nikapiga kelele aiache hiyo ndoo aje avae sweta. Nasieku alitutazama mmoja mmoja, akaigeuza ndoo kichwa chini, akaikalia. Hapo tukalipuka wote, mnaona, mnaona mtoto huyu. Mama Bura alicheka mpaka maharage yakamwagika. Halafu akasema, bila kumwangalia mtu: "Mmempa kazi nne kwa ndoo moja. Ningekuwa mimi, ningekaa pia."

Alinishika mkono akanipeleka kwenye zizi lake, alikokuwa na ng'ombe mwekundu maarufu mtaani kwa mateke. Akaniuliza ng'ombe huyu anakamuliwa na nani. Nikasema na wewe, Aayo. Akauliza kwa nini si wewe. Nikasema atanivunja mguu, hajanizoea. Akasema kila mfugaji, wako wa Endulen na wetu wa mlimani, anajua ng'ombe mwenye mateke hakamuliwi na watu wawili, haimbiwi nyimbo mbili, na wala humsogelei kwa kelele. Lakini mtoto mwenye mateke tunamwachia mtaa mzima umkamue, kila mtu na wimbo wake. Siku ile ile akautangazia ua: kuanzia leo mwenye kumwagiza Nasieku ni mama yake peke yake. Mwenye shida na mtoto amwambie mama. Chumba cha pili wakalalamika kwamba mtoto ni wa wote, ndivyo tulivyolelewa. Mama Bura akawajibu, "Ni wa wote kumlisha. Kumwagiza ni wa mmoja." Kisha akaongeza kwa upole kwamba asiyeweza kufunga mdomo, vyumba vya kupanga vipo vingi Karatu. Kuwa mwenye nyumba kuna faida zake.

Hivyo ndivyo Jumamosi zetu zilivyoanza. Tulikaa kwenye banda la jiko, Mama Bura, Mama Eliya na mimi, na baadaye wakaja mama wengine wawili wa mtaani waliokuwa wakiitwa shule kila mara kama sisi. Tulipukuchua mahindi ndani ya beseni moja kubwa, chai ya maziwa inachemka pembeni na viazi vikuu vimefukiwa kwenye majivu. Sheria ilikuwa moja: mtu anaongea habari za mtoto wake mpaka mahindi yaishe, na hakuna ruhusa ya kumshauri. Hakuna "mimi wangu nilimfanya hivi". Unapukuchua na kusikiliza. Mama Eliya ndiye aliyeanza. Alisema mwanawe alivunja redio, akavunja kioo, akampiga jembe mbwa wa jirani, na kwamba kuna siku yeye mwenyewe alipanda lori la vitunguu akitamani lisimrudishe. Alilisema hilo akiwa anatazama gunzi. Hakuna aliyesema maskini, hakuna aliyesema Mungu akusamehe. Mama Bura alimsogezea kiazi. Nikajiona napumua, kwa sababu kumbe kulikuwa na mtu mwingine aliyempenda mtoto na kumkimbia kwa wakati mmoja.

Mama Bura mwenyewe aliongea mara moja tu. Alisema Bura wake, yule anayeitiwa jina, alikuwa na mdomo kama wa Nasieku. Wakamnyoosha, yeye na marehemu mumewe na ukoo mzima, kila mmoja kwa mkono wake. "Alinyooka," akasema. "Akanyooka na barabara ya Arusha, na hajageuza shingo mpaka leo." Akachukua hindi lingine. Tangu hapo nilielewa kwa nini mwanamke yule alinishikia mtoto wangu kwa nguvu zile. Alikuwa hasemi kwamba anajua; alikuwa anasema kwamba njia ile nyingine ameshaiona mwisho wake.

Basi tukajaribu, tukakosea, tukajaribu tena. Nilijifunza kutopiga kelele kutoka ndani, bali kutoka, kumwendea mtoto, kuchuchumaa, kusema jambo moja kwa sauti ya kawaida, mara moja, halafu kunyamaza na kungoja. Wewe unayesoma usidhani kungoja ni kazi nyepesi. Nimebeba kuni, nimelima ngano kwa jembe, nimezaa. Sijafanya kazi ngumu kama kunyamaza mbele ya mtoto aliyeshika kiatu anachotakiwa kukivaa. Nilijifunza pia kumsifu, jambo ambalo kwetu linahesabiwa kuwa ni kumharibu mtoto au kumwitia kijicho. Mama Bura akasema usimsifu yeye, itaje kazi. Kwa hiyo nilisema, nimeona umefunga mlango wa banda. Nimeona umemwachia Eliya kiti. Mara ya kwanza alinitazama kwa mashaka, kana kwamba nataka kumkopa. Na kila nikirudi kutoka loji, kabla sijashika sufuria, nilikaa naye chini tukacheza mdako, kurusha na kudaka vijiwe vyake, yeye akiamuru na mimi nikitii. Alinishinda kila siku na alinitukana kila siku kwa uzembe wa mikono. Ulikuwa muda pekee ambao hatukugombana, na nilikuwa naungoja kazini huku napiga pasi.

Nasieku aliharibika zaidi kwanza. Wiki zile za mvua kubwa, matope mekundu mpaka vifundoni, alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, akachana daftari zake, akanipiga na sahani ya bati juu ya jicho. Nilimwendea Mama Bura nikilia, nikamwambia wimbo wako umekataa. Alinikanda jicho kwa maji ya chumvi, akasema ng'ombe huzidisha mateke siku anayogundua kwamba hukimbii. Sikumwamini. Niliendelea kwa sababu sikuwa na kingine, na kwa sababu kila nikifumba macho nilimwona akiwa kwenye gari la Malambo.

Halafu ikaja siku ya mnada. Tulikwenda wote, tukiwa tumevaa vizuri, na vumbi lilikuwa limeshaanza. Karibu na wachoma nyama Nasieku akataka twende kwenye mbuzi, nikamwambia tunakwenda kwenye mitumba kwanza. Akajitupa. Pale katikati ya njia ya ng'ombe, na nguo yake ya Jumapili, akapiga yowe la kumsimamisha mtu aliye Manyara. Watu wakajaa mara moja, nyama choma mkononi, kila mtu na ushauri wake. Mchape. Mwache apigwe na ng'ombe. Huyu ndiye mama mtu? Mzee mmoja wa watu akanipa fimbo yake, kwa nia njema kabisa, fimbo nzuri ya mzeituni. Mkono wangu ulikwenda kuipokea, nasema kweli, ulikwenda. Mama Bura akawahi. Akamwambia mzee ahsante sana baba, akaichomeka ile fimbo ardhini, akatundika pembe ya khanga yake juu yake, akamwita Mama Eliya na wale wengine. Walivua khanga zao wakazishika mkono kwa mkono, wakatuzungushia, na wote wakageuka kuwatazama watu. Kule nje nilimsikia Mama Bura akiuliza, kwa sauti ya mtu anayeuza kitu, kama kuna yeyote ambaye hajawahi kumwona mtoto akilia, aje alipie kiingilio. Watu wakacheka, wakaanza kutawanyika.

Ndani ya khanga tulikuwa mimi na yeye. Nilikaa chini kwenye vumbi. Nilikuwa nimeshasema nilichosema, kwa hiyo nikanyamaza. Mwanga uliopita kwenye khanga ulikuwa mwekundu na wa manjano usoni kwake, na kwa mara ya kwanza nilimwona mwanangu akiwa amekasirika bila macho ya mtu mwingine juu yangu, na nikaona kwamba hakuwa ananipiga vita mimi. Alikuwa amejaa tu, amezidiwa, mtoto wa miaka saba. Hasira yangu ikanitoka kama homa. Alilia mpaka kilio kikawa kwikwi, kisha akasema, "Nina kiu." Nikampa maji. Akanywa, akasimama, akajipangusa nguo, akasema basi twende kwenye mitumba. Tuliporudi nyumbani nilimuuliza Mama Bura alilitoa wapi wazo lile. Akaniuliza mwanamke akishikwa na uchungu njiani tunafanya nini. Nikasema tunamzungushia khanga. Na wanaoshika wanatazama wapi? Nikasema nje. "Basi na huu ni uchungu," akasema. "Nani kakwambia unazaa mara moja?"

Mume wangu alirudi katikati ya baridi, akamkuta mtoto anapanga kuni bila kutumwa, na jioni ile ile akamkuta amepanda juu ya bati hataki kushuka. Akasema mimi nahangaika bure, mzee ameshasema, bora aende mapema azoee. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa amechoka na alimwogopa baba yake, kama mimi nilivyomwogopa. Nilimwambia mzee alisema baada ya mavuno. Nikamnyooshea mkono shambani kwa Mama Bura, mahindi bado yamesimama. Nikamwambia mpaka bua la mwisho lilale chini, mtoto huyu ni wangu, na wewe umsaidie mama yake au ukapike kempu. Akavua viatu, akakaa chini penye vijiwe vya mdako, akamwita binti yake ashuke amfundishe. Alishuka. Nilikwenda jikoni nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Mzee alirudi mahindi yakiwa yameshaingia ghalani. Mama Bura alikuwa amepanga kila kitu kama harusi. Alimweka mzee kwenye kigoda kifupi, si kwenye kiti, ili mkono wake uwe usawa wa mtoto. Kwa kuwa mimi sikuweza kumsemesha, yeye mwenyewe alimwomba, mkubwa kwa mkubwa, kwamba leo mtu mmoja tu ndiye ataongea na mtoto, na kwamba ikiwezekana baba asinyooshe mkono kwanza. Mzee akasema sijawahi kuambiwa na mwanamke namna ya kusalimiwa. Mama Bura akasema ni kweli, baba, na mimi sijawahi kuthubutu. Mzee akakohoa, akaweka mikono magotini. Nilitoka nyuma ya mlango, jambo lisilofaa, uso nimeuinamisha. Nikamchuchumalia Nasieku pale alipokuwa karibu na mafiga. Nikamwambia, "Babu amekuja. Mpe kichwa." Nikarudi nyuma nikanyamaza.

Hakwenda. Alichukua kijiwe, akakitupa juu, akakidaka. Ua wote ulikuwa umefunga mdomo. Chumba cha pili niliwaona wameng'ata khanga zao. Chai ya mzee ilipoa ikatanda utando. Nilitamani kusema tena, ulimi uliniwasha, na Mama Eliya akanikanyaga mguu. Mtoto akatupa kijiwe, akadaka. Mzee, ambaye maisha yake yote aliwangoja ng'ombe wanywe, alikaa vile vile, mikono magotini, hata hakumtazama. Mwishowe Nasieku akaweka vijiwe vyake mfukoni. Akaenda polepole, akazunguka kigoda mara moja kumkagua mzee kila upande, akasimama mbele yake. "Fanya haraka," akamwambia, akainamisha kichwa.

Mkono wa mzee ulikaa pale utosini kuliko kawaida. Nilimwona akitafuna midomo, nikadhani amekasirika, kumbe anazuia kicheko, au kitu kingine, sijui. Wazee wale hawaonyeshi. Alimwambia mwanawe kwamba Malambo mbuzi wana wachungaji wa kutosha. Kisha akaagiza chai nyingine, ya moto.

Nasieku hakugeuka malaika, msinielewe vibaya. Alinitoa jasho mpaka amemaliza shule, na hadi leo, mwanamke mzima, mkunga kwenye hospitali, bado neno lake la kwanza ni sitaki. Lakini alibaki. Nilimwona akiota meno ya pili, akivunja ungo, akiolewa, akizaa. Kila Krismasi alikwenda kwa Mama Bura na kilo ya sukari na kumwinamishia kichwa kwa hiari yake, ingawa sisi Wairaqw hatuna desturi hiyo. Mama Bura alimwekea kiganja akamwambia fanya haraka.

Kwa hiyo pale kaburini nilisimama, mikono imenyooshwa, pembe moja ya khanga kwangu na nyingine kwa Mama Eliya, mkongojo wake umeangukia nyasi. Bura hakuja. Mbele yangu padri alikuwa amefunga kitabu, na wazee wa ukoo walianza kutazama saa. Nyuma yangu kilio cha Faraja kilipanda, kikashuka, kikapanda. Nilimsikia Nasieku akichuchumaa, magoti yake yakalia. Akasema kwa sauti ya kawaida, mara moja, "Faraja, udongo uko hapa. Nakungoja." Halafu kimya. Mzee mmoja akasema jamani, jua linakwenda. Shingo yangu ikaanza kugeuka. Nilitaka nimsaidie mwanangu, nimwambie mtoto neno moja tu, la bibi.

"Mama," akasema Nasieku, "tazama nje."

Nikatazama nje. Nilimkazia macho yule kijana wa kamati, naye masikini akatazama viatu vyake. Tulisimama hivyo mpaka mikono ikatutetemeka, wanawake wazee na khanga zetu, na hakuna aliyeishusha, hadi niliposikia nyuma yangu udongo kidogo, wa kujaa kiganja cha mtoto, ukigonga sanduku la Mama Bura.